Ndama Ndiye Huita Maziwa

Wifi yangu Desderia,

Nimeianza barua hii mara nne tangu asubuhi. Ya kwanza niliiandika kwa adabu zote, salamu za wazima, salamu za mahindi, hali ya hewa, nikafika katikati nikaona ninaandika kama karani wa kijiji. Nikaichana. Ya pili mwanangu Leokadia aliimwagia uji. Ya tatu sitaki hata kukuambia ilikuwaje. Hii ya nne naiandika hivi hivi, nikiinuka nikikaa, maana tumbo limepanda mpaka kifuani na huyu aliyemo ndani hataki niegemee meza. Maharage yako jikoni yanachemka. Ukiona mstari umekatika ujue nimekwenda kuyaongezea maji.

Ndiyo, nina mimba. Najua kaka yako amekwisha kukuambia, maana akishuka kwenu Kabwe kufuata dagaa hana siri anayoirudisha nayo. Ila hili la juzi hakuwahi kukuambia: Jumatatu nalazwa, Jumanne napasuliwa tena. Daktari amesema kovu la kwanza si la kujaribiwa. Nami nimekuwa mtu wa kuzunguka nyumba nzima kutafuta kitu ambacho sikukipoteza. Nimekunja nguo za mtoto, nimezikunjua, nimezikunja tena. Jana nilipiga deki mara mbili mpaka mpangaji wa chumba cha uani akauliza kama kuna mgeni.

Mgeni ni wewe, wifi. Ndiwe ninayekutafuta.

Bahasha hii sijaifunga, na nimefanya makusudi. Kaka yako anaweza kuisoma njiani, gari likisimama Namanyere, na aisome. Miaka saba anaamini uliondoka hapa Kizwite kwa sababu mumeo alikuita nyumbani. Ndivyo nilivyomwambia aliporudi safari. Wewe hukunikanusha, ukaniachia uongo wangu niishi nao. Nimeishi nao vibaya.

Unakumbuka ulivyokuja? Ilikuwa mwezi wa sita, ule upepo wa Ufipa unaopasua midomo. Ulishuka kwenye lori la dagaa umefunga khanga kifuani juu ya gauni, umeikaza, nikadhani ni baridi. Ulipokwenda kuoga ndipo nikajua. Ulikuwa umeyafunga maziwa. Agripina wako alikuwa amefariki wiki tatu nyuma, homa, miezi miwili tu ya kuwa duniani, na maziwa hayakuwa na habari kwamba mwenyewe hayupo. Yalikuja tu. Kila asubuhi khanga ilikuwa imelowa. Uliifua mwenyewe ukaianika nyuma ya nyumba, kule watu wasikopita.

Kaka yako alikuleta kwetu ili upumzike, akasema tutaliwazana. Mimi mimba ya miezi minane, wewe mikono mitupu. Nilikuwa naona aibu kupita mbele yako na tumbo langu. Wewe ndiye uliyeniondolea aibu hiyo. Tulikuwa tunakaa juani tumeegemea ukuta, tunachambua maharage, ukaniangalia ukasema, "Msukuma, hilo tumbo au umemeza ndama?" Nikacheka mpaka nikamwaga ungo. Tangu hapo hukuacha. Ukaniambia nimekuja Rukwa nikifuata mkia wa ng'ombe wa baba, nikaona Mfipa ana shamba la ulezi, nikaacha mkia nikashika mwiko. Nami nikakujibu kwamba nyinyi Wafipa mngejua utamu wa mtindi msingeshinda kwenye uji. Nilikupenda, wifi. Nalisema hili mapema kwa sababu yanayofuata hayataonyesha.

Ndiyo ilikuwa miaka ile maduka yanaanza kujaa tena. Sabuni ipo, sukari ipo, mitumba imetandikwa chini sokoni, kila mwenye gari ana kitu cha kuuza. Kaka yako alikuwa ameacha kazi yake ya ghala na kuanza kuzunguka na mahindi, na wiki ile alirudi kutoka Tunduma na kopo la maziwa ya unga, lina picha ya mtoto mnene mwenye mashavu kama maandazi. Akaliweka juu ya kabati sebuleni, kila mgeni alione. "Mwanangu hatakosa kitu," alisema. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Mwazye kunisubiri nijifungue, alilishika akaligeuzageuza akalirudisha bila neno. Wewe ulisema tu, "Kopo lisubiri." Nakumbuka kwa sababu ulikuwa unaangalia pembeni uliposema.

Uchungu ulinishika Jumatano. Ukanishika Alhamisi. Mtoto alikuwa amelala kimshazari, hataki kugeuka, nami nimechoka hata jina langu nikiulizwa nafikiri kwanza. Ijumaa mchana wakanipasua. Kuanzia hapo sikumbuki kitu, wewe ndiye unayekumbuka. Baadaye waliniambia nililala mpaka kesho yake, na nikizinduka naweweseka kwa homa, nawaita ng'ombe wa baba kwa majina.

Nilipofumbua macho vizuri, nilikuona wewe. Ulikuwa umekaa kwenye benchi karibu na kitanda, khanga ya kifuani umeifungua, na mtoto wangu ananyonya kwako. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona katika umama wangu. Ukaona naangalia ukasema, "Wa kike, wifi. Ana njaa huyu, ana hasira kama wewe." Wakati ule nilishukuru. Nataka uamini hilo. Nilikuona unalia na kutabasamu kwa pamoja, nikafikiri, Mungu amewafikiria wote wawili, aliyekosa maziwa na aliyekosa mtoto.

Shukrani ile ilidumu siku mbili.

Wakaanza kuja wanawake wa mtaani na vikapu vyao. "Pole mama, tumesikia ulichanwa." Hakuna aliyesema hongera. Hongera zilikwenda kwa mtoto, mimi nikapewa pole kana kwamba nimeibiwa. Mmoja, humjui, alisema nikisikia: "Huyu hakuzaa, alitolewa mtoto." Mwingine akauliza, maziwa je? Kabla sijajibu wa tatu akajibu kwa niaba yangu: aliyechanwa hana maziwa, yanakufa na ile dawa ya usingizi. Walisema bila ubaya, kama mtu anavyosema mvua haijanyesha.

Siku ya tatu yakatoka matone. Ya njano, mazito, machache. Nikamwonyesha mama mkwe kwa furaha. Akakunja uso. "Hayo si maziwa. Hiyo ni dawa ya usingizi inatoka. Ukimpa mtoto hataamka. Kamua, utupe, mpaka yaje meupe." Akanipa kitambaa. Nikakamua.

Wifi, hapa nimeinuka nikaenda mpaka mlangoni nikarudi. Mimi, binti wa mfugaji! Baba hakuruhusu mtu kugusa dang'a. Ng'ombe akizaa, yale maziwa ya kwanza ya njano yalikuwa ya ndama, ukionekana na kibuyu karibu na zizi unachapwa. Nilijua hilo kabla sijajua kuhesabu. Lakini nilikuwa nimelala chali na tumbo limeshonwa, na mtu mzima aliyezaa saba amenipa kitambaa, na mimi hata kuzaa kwenyewe watu wamesema sikuzaa. Ningebisha kwa kipi?

Wewe ulibisha. Ulisimama ukamwambia, "Mama, mbona Agripina nilimpa hayo hayo ya njano?"

Mama akasema, "Na yuko wapi?"

Nilikuona. Ulikaa tena kwenye benchi ukaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa tayari limekunjwa. Mama naye, nadhani alijutia neno lake hapo hapo, kwa sababu alitoka akaenda kukutafutia chai, na hakuwa mtu wa kumtafutia mwanawe chai. Najua mkapatana kabla hajafariki. Mimi na wewe hatujapata bahati hiyo.

Tangu siku ile ukawa na mchezo wako. Mama akitoka kwenda kupika uji kule nyuma, ulikuwa unaniletea mtoto. "Mweke, wifi. Dakika mbili tu, hata kama hakuna kitu." Ulinigeuza ubavu pole pole, ukaweka khanga iliyokunjwa juu ya kidonda, ukampitisha mtoto chini ya kwapa langu kama mtu anayepeleka kuku sokoni, ili miguu yake isinipige tumboni. Nilikuwa naumia mpaka naona nyota mchana. Mtoto alivuta, akavuta, akaona hakuna, akaachia na kupiga kelele wodi nzima ikageuka. Ndipo unamchukua, unamweka kwako, ananyamaza. Nakumbuka ule ukimya zaidi ya kelele.

Mara tano, mara sita kwa siku. Nikikuambia basi, unasema mara moja tena. Siku moja ukataka kunichekesha ukasema, "Mtoto wa wafugaji umekosa maziwa? Umekuja na zizi zima ukayaacha njiani?" Ulikuwa utani ule ule wa kwenye ungo wa maharage, na mwezi mmoja nyuma ningekujibu. Lakini kucheka kulikuwa kunavuta nyuzi, na badala ya kucheka nikalia, na nilipokuwa nalia wazo likaingia. Nikasema moyoni, huyu ananiletea mtoto ili watu waone. Waone langu kavu, lake limejaa. Waone mtoto anamkataa aliyemzaa na kumtaka aliye naye.

Wazo hilo nililitunza. Nilirudi nalo nyumbani siku ya kumi.

Nyumbani mama alirudi Mwazye kuvuna ulezi, kaka yako akaenda na mahindi yake, tukabaki wawili na mtoto. Uliendelea na mchezo wako. Tena sasa kila mtoto alipofumbua jicho, kwangu kwanza, kisha kwako. Nilikuwa nimeanza kupata kidogo, kijiko, kijiko na nusu, ila sikukuambia. Nilikuwa nakunyima hata hilo.

Siku ya tatu baada ya kurudi, asubuhi, jua limetoka vizuri, nilijikokota kwenda mlangoni. Ulikuwa umekaa pale ukutani kwetu, pa kuchambulia maharage, unamnyonyesha, unamwimbia. Nikakusikia unamwita Agripina.

Mara moja tu. Uliposema ukashtuka mwenyewe, nikaona bega lako. Mtu mwenye akili angerudi ndani akajifanya hakusikia. Mtu mwenye huruma angekuja akakaa karibu nawe. Mimi nilisimama mlangoni nimeshika tumbo, nikasema maneno ambayo nitayaandika hapa kwa mkono wangu, kaka yako ayaone: "Wako alikufa. Usinichukulie wangu."

Hukulia. Ulitia kidole kidogo kwenye pembe ya mdomo wa mtoto ili aachie bila kuvutwa, ukamfuta mdomo kwa ncha ya khanga, ukaja ukanikabidhi. Maziwa yalikuwa bado yanakudondoka. "Haya, wifi," ulisema. Ukaingia ndani ukafunga mzigo wako, ambao haukuwa mkubwa, ukatoka kwenda kutafuta lori la kushuka ziwani. Ulipofika barabarani ulisimama kidogo. Nilidhani utageuka. Ulikuwa unakaza khanga kifuani.

Nililifungua kopo. Mtoto alipiga kelele nami nikakoroga kwa haraka, maji sikuyachemsha sawasawa, na picha ya yule mtoto mnene inaniangalia. Kesho yake akaharisha. Nikaogopa, Desderia, sijawahi kuogopa hivyo. Nikaacha kopo, nikamweka kifuani siku nzima, nikamlaza chini ya kwapa kama ulivyonifundisha, khanga juu ya kidonda, nikimwambia vuta, vuta, hakuna mwingine, ni mimi tu. Siku ya pili yake, nikiwa najaribu kuwasha moto, gauni likalowa mbele. Nikadhani nimemwagikiwa na maji. Yalikuwa yamekuja. Mengi. Yanatiririka mpaka tumboni, mpaka kwenye kovu. Mtoto alinywa akakabwa akakohoa akanywa tena.

Nilitaka kumwita mtu nimwonyeshe, na mtu niliyetaka kumwita ni wewe.

Baadaye nilisikia, kwa mama, kwamba ulifika Kabwe ukayafunga upya. Ulikuwa umeyafunga mara moja kwa ajili ya Agripina, nikakulazimisha uyafunge mara ya pili kwa ajili ya mtoto aliye hai. Mama alinihadithia hivyo hivyo, anabandua maganda ya mihogo, hakujua anamwambia nani.

Je, nilikuandikia? Sikukuandikia. Nilijiambia wewe ndiye uliyemwita mtoto kwa jina la marehemu, wewe ndiye wa kuomba radhi. Kiburi changu unakijua, hata ng'ombe wa baba walikijua. Na kila mwaka msimu wa samaki ukifika, dereva wa lori anasimama mlangoni na kifurushi cha migebuka wakavu. "Wa mtoto," anasema. Hakuna barua wala salamu. Mwaka wa kwanza niliwagawia majirani wote, hata mkia sikubakiza. Mwaka wa pili pia. Wa tatu nilikaanga mmoja, nikala nimesimama jikoni. Sasa Leokadia anawajua migebuka wako, akiliona lori anakimbia, anauliza wanatoka kwa nani. Nilikuwa namjibu, kwa shangazi. Anauliza, shangazi yupi? Nami nakumbuka ghafla kwamba kuna kitu kinaungua.

Maharage yameungua kweli, kidogo chini. Nimerudi.

Sasa nikuambie kilichotokea mwezi uliopita, ndicho kilichonivunja. Nilikuwa kliniki. Siku hizi kuna nesi pale, binti mdogo, anaongea kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alisoma kadi yangu akasema, mama, safari iliyopita ulipasuliwa, maziwa yalikujaje? Nikamwambia yalichelewa, wiki mbili na zaidi. Hakushangaa hata kidogo. Akasema kwa mwenye kupasuliwa huwa inatokea sana. Dawa, maumivu, kulala muda mrefu bila kunywa kitu, mtoto kukaa mbali na mama saa za mwanzo. Maziwa hayafi, akasema, yanachelewa tu. Wengine hata hayachelewi. Akaniambia safari hii nimwambie mtu nitakayekuwa naye, mara tu nikitolewa chumba cha upasuaji, hata kama nimelala, amweke mtoto kifuani kwangu. Yale ya njano nisitupe hata tone. Na kama hakuna kitu nimweke hivyo hivyo, mara nyingi, usiku na mchana. Nilale ubavu, nguo juu ya kidonda, mtoto chini ya kwapa. Alionyesha kwa mkono. Ulikuwa mkono wako, wifi.

Halafu akasema, "Mtoto ndiye anayeita maziwa, mama."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, wanawake kwenye mabenchi wakageuka. Kwa sababu nilimwona baba amechuchumaa alfajiri kwenye zizi, umande, kibuyu magotini, anasema neno hilo hilo. Hakukama kabla ya kumwachia ndama. Ndama anakuja, anagonga kiwele kwa kichwa, ananyonya kidogo, ndipo mama yake anaachia. Ukimkama bila ndama anakuzuilia, unaweza kukaa hapo mpaka jua liwe utosini. "Ndama ndiye huita maziwa," anasema baba, na mimi nimeshika kamba ya ndama, kazi yangu ilikuwa hiyo, kumleta na kumvuta. Nimefanya kazi hiyo miaka yote ya utoto wangu. Na ilipofika zamu yangu sikuiona. Ilibidi mtoto wa wakulima, aliyekuwa akinitania kwamba nanuka samadi, aniletee ndama wangu mara sita kwa siku, nami nikaita hiyo dharau.

Kicheko kikageuka kilio, nikashindwa kukizuia. Nesi akadhani ni uchungu, akanilaza.

Wewe ulikuwa na maziwa ya kumtosha, ungeweza kunyamaza tu ukamnyonyesha, akakuzoea, nami nikakauka. Ilikuwa rahisi. Ungekuwa umepata mtoto. Badala yake ulikuwa unamtoa kwako akiwa na njaa unamleta kwangu kwenye kavu, unamsikiliza analia, na maziwa yako yanakudondoka unamngoja avute kwangu kwanza. Uliyaita maziwa yangu kwa siku kumi na tatu. Yalikuwa njiani siku niliyokufukuza. Sijui kama ulilijua hilo. Nadhani ulilijua.

Na lile jina. Nimelifikiria sana lile jina, miaka saba. Siku hizi mwenyewe nikichoka namwita Leokadia kwa jina la mdogo wangu, yule tuliyemzika bondeni tukiwa njiani na ng'ombe. Mdomo una njia zake. Haukuwa wizi.

Jumapili nilimkalisha Leokadia nikamwambia. Nilimwambia kwamba alipozaliwa mimi nilikuwa mgonjwa, na shangazi wa migebuka ndiye aliyemnyonyesha. Akauliza, "Mbona haji kunitazama?"

Nikasema, "Nilimfukuza."

"Kwa nini?"

Nikamwambia nilikuwa na wivu. Akafikiri. Akasema, "Basi mimi nitaenda, mimi sina wivu." Akaenda kutafuta viatu vyake, na kimoja hakijulikani kilipo mpaka sasa ninapoandika.

Kwa hiyo anakuja. Shule zimefungwa, kesho alfajiri wanaondoka na lori pamoja na baba yake. Nasikia una wavulana wawili. Waambie wasimtupe majini, anajidai anajua kuogelea na hajui. Anakula kila kitu isipokuwa mlenda. Akikuambia kwamba nyumbani huwa anakunywa soda kila siku, anadanganya.

Sasa ombi langu. Nimelizunguka kurasa zote hizi kama nilivyoizunguka nyumba, nitalisema mara moja nisirudie. Kaka yako anarudi Jumamosi. Ninakuomba urudi naye. Jumanne, watakaponitoa pale nikiwa sijitambui, watu watakuja na vitambaa vyao na maneno yao, mama mkwe hayupo tena lakini maneno yake yapo, na mimi nitakuwa nimelala siwezi kubisha. Nataka uwe wewe kwenye benchi. Umchukue mtoto umweke kifuani kwangu kabla sijaamka. Wewe unajua anavyowekwa.

Usipoweza, au moyo ukikataa, nitaelewa, sina haki hata ya kununa. Basi Leokadia abaki nawe mpaka likizo iishe. Na kama Jumanne Mungu akaamua vingine, na mimi nisirudi kutoka mle ndani, asirudi Kizwite kulelewa na kila anayepita. Abaki kwako. Kaka yako anasoma hapa, na hilo nalo nataka alisome. Mtoto ana mama wawili tangu alipozaliwa. Mimi ndiye niliyempunguzia mmoja.

Ninaogopa, wifi. Nimelisema kwako peke yako. Wengine nawaambia nimezoea.

Aliyekushikisha barua hii ndiye yeye. Mwangalie vizuri, ile hasira uliyoisema kwenye benchi bado anayo. Ukitaka kumwita Agripina, mwite, nimemwambia akiitwa hivyo aitike. Siku ile nilikuambia usinichukulie wangu. Leo nakuletea mwenyewe, kwa miguu yake, kiatu kimoja pengine. Mpokee.

Wifi yako,
mama mwenzio.